Dakika Moja ya Chumba Kitupu

Siku mliponiaga pale studio mliniomba niandike mambo ya kazi ili watakaokuja wayasome. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimelishwa keki na mdomo ulikuwa umejaa. Sasa nipo uani kwangu Yombo na daftari na kalamu mbili, na mke wangu ameshapita mara tatu kuangalia kama naandika kweli. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Nitaandika nilivyoona. Sehemu kubwa itakuwa juu ya woga, maana ndio niliokaa nao kazini siku nyingi kuliko mtu yeyote, na sikuwahi kuwaambia.

Siku ya kwanza niliogopa kitufe chekundu. Studio ilikuwa Buguruni, nyuma ya duka la vitambaa, chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani na mapazia mazito juu yake. Aliyenipokea ni Mzee Lukindo, fundi mitambo, mtu mrefu wa suruali ya kaki iliyopigwa pasi kila siku. Wakati ule tulirekodi kwenye kanda. Ukibonyeza kitufe chekundu wakati kanda imeshabeba wimbo, wimbo unafutika na hakuna pa kwenda kuuomba. Mzee Lukindo alikishika kidole changu akakiweka juu ya kitufe kile, mashine ikiwa imezimwa.

"Unaogopa?"

"Naogopa."

"Vizuri. Siku ukiacha kuogopa, panda treni urudi Tabora."

Wiki ya kwanza sikugusa mashine. Nilikunja waya. Waya wa maiki unakunjwa kwa kufuata mkunjo wake wenyewe, duara moja ndani, duara moja nje, ili siku ukiutupa sakafuni unyooke bila fundo. Mimi niliukunja kwa kiwiko, kama nilivyokunja kamba nyumbani. Mzee Lukindo akautazama mkono wangu. "Kamba ya ng'ombe ipo Vingunguti," akasema. "Pale machinjioni wanatafuta watu." Mpaka leo nikiona mtu anakunja waya kwa kiwiko natamani kumnyang'anya, na nyie wengi mnakunja hivyo hivyo.

Wiki ya pili alinivalisha hedifoni, akanifungia ndani ya chumba cha kurekodi peke yangu, maiki ikiwa wazi, hakuna anayepiga chochote. Baada ya muda akafungua mlango.

"Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Rudi ndani."

Siku ya tatu nilisikia bati likijinyoosha kwa jua, saa ya ukutani ya chumba cha pili, friji la jirani, na kola ya shati langu ikisugua shingo. Nikamtajia vyote. Akasema, "Sasa umeanza kazi." Huo ndio ukawa utaratibu wake na wangu. Kabla ya kurekodi lolote, watu wote wanakaa mahali pao na ala zao mikononi, wanatulia, na tunarekodi dakika moja ya chumba kitupu. Fundi anasikiliza. Kikiwa na kelele, inatafutwa mpaka ipatikane. Kikiwa hakina, fundi anasema maneno mawili tu: chumba safi. Hakuna anayepiga nota kabla ya maneno hayo.

Kukata kanda alinifundisha kwa wembe na ubao wenye mfereji. Hapo yalinipata makubwa. Kulikuwa na kwaya iliyorudia ubeti mmoja mara nyingi, tukawa tunachukua neno zuri hapa na neno zuri pale na kuyaunga. Nikakata kipande cha urefu wa kiganja chenye neno "Bwana," nikageuka kuchukua gundi, nikirudi kipande hakipo. Nilitafuta mezani, mifukoni, ndani ya kikombe cha chai. Nilitokwa na jasho mpaka shati likanata mgongoni. Nilikipata nje, mlangoni kwa duka la vitambaa, kimeganda chini ya kandambili yangu. Nilikipangusa kwa pamba na spiriti, nikakiunga. Kwaya ile walifurahi sana. Hawajui kwamba Bwana wao alitembea uani kwanza.

Nasimulia hilo ili mjue kuwa wakati ule woga wetu ulikuwa na mahali pake. Kitu kikipotea, kimepotea. Kompyuta zilipokuja, kitufe chekundu kikawa hakiui tena. Ukikosea unarudi nyuma. Mzee Lukindo alifariki kabla hajazizoea, na familia yake ikanipa hedifoni zake, zile nyeusi nzito zilizofungwa kwa utepe wa umeme. Nikahamia studio yetu ya Temeke nikiwa nazo shingoni. Wengi wenu mlinikuta tayari ni mzee wa kona, ninayewanyamazisha watu dakika nzima kabla ya kazi. Najua mliniitaje. Mmoja wenu alisema, "Mzee Mathias anasalimia mashetani ya chumba." Nilisikia. Maneno ya aina hiyo nilikuwa nayasikia vizuri.

Kuna mengine niliyokuwa siyasikii, na hapa ndipo kalamu inakuwa nzito.

Ilianza na simu. Mke wangu akaniambia, "Baba Eliza, simu yako inalia hapo karibu yako." Nikamjibu nimeiacha ilie. Uongo. Halafu ndege wa kwenye mwarobaini wetu, wale wadogo wa alfajiri, wakawa hawapo. Nilidhani wamehama. Siku moja binti yetu Eliza akasema, "Leo ndege wana kelele," nikatazama juu, nikaona matawi yanatikisika na midomo inafunguka. Nilirudi ndani nikakaa kitandani.

Sauti za chini nilizipata. Maongezi niliyapata. Zilizoondoka ni zile za juu kabisa, nyembamba, na kila mwaka mpaka ulishuka kidogo. Sikwenda hospitali. Niliogopa karatasi. Niliona kuwa madhali haijaandikwa popote, naweza kuendelea kuvaa hedifoni na watu wakaendelea kuniuliza, "Mzee, iko sawa?" nami nikaendelea kusema iko sawa. Nilikuwa natumia macho. Kompyuta inaonyesha sauti kwa rangi na mistari, nikawa nasoma kama mtu asomaye midomo.

Katika hali hiyo ndipo walipokuja Nyuzi Kumi.

Hilo ni jina la bendi. Fidla ina nyuzi nne, gitaa lina sita. Kiongozi wao ni Deo, mpiga gitaa la umeme wa Kinondoni, kijana mpole mwenye mashine za miguuni, zile za kubadili sauti ya gitaa, nyingi kuliko viatu. Walikuwa na fidla tatu, selo moja, ile fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni, magitaa mawili na mpiga ngoma. Selo alipiga Mwalimu Neema, anayefundisha muziki shuleni, na ndiye aliyewaandikia wote nota. Walitaka kurekodi vipande vinne tu, visivyofika nusu saa vyote pamoja. Magitaa yanaanza kama ngurumo ya mbali, fidla zinapanda juu yake taratibu, na hakuna anayeimba mpaka karibu mwisho.

Nilimuuliza Deo, "Hapa watu wanacheza sehemu gani?"

"Hawachezi, mzee. Wanasikiliza."

"Wote?"

"Wakiwepo."

Fidla ya kwanza alikuwa Mzee Saidi. Alikuwa Mzaramo wa pwani hii hii, anakaa Kigamboni, umri wake miaka sabini na miwili. Maisha yake yote alipiga taarabu nyuma ya waimbaji. Fidla yake mmeshaisikia kwenye harusi za mama zenu bila kujua, kwa sababu jina lake halikuandikwa popote. Deo alikuwa amemwahidi kuwa kipande cha tatu kitakuwa chake mwenyewe, fidla yake mbele na gitaa nyuma, na jina lake kwenye jalada. Walipomuuliza kipande kiitweje, alisema, "Andikeni Cha Saidi." Wakamwambia aongeze neno. Akasema, "Hilo la kwanza lenyewe nimelingoja sana."

Mimi ni Mnyamwezi, na Mzaramo ni mtani wangu, kwa hiyo tulianza kutaniana siku ile ile. Aliponiona nimebeba spika aliwaambia wenzake, "Muacheni. Babu zake walibeba meno ya tembo mpaka hapa, hiyo kwake ni karatasi." Nikamjibu kuwa nimeshangaa kumwona Mzaramo kazini asubuhi yote ile, kwani ngoma ya jana imeisha saa ngapi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikaona mkono wa kulia ulioshika ukuta unatetemeka, na akauingiza mfukoni haraka.

Baadaye aliniita pembeni. Alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Dawa ilimtuliza asubuhi, halafu mkono ukaanza mambo yake. "Mkono wangu una adabu mpaka saa mbili," akasema. "Mie nitapiga mara moja. Wewe ndiye shahidi. Ukisema imeingia, imeingia, sina nyingine."

Hiyo ilikubaliana na mazingira yetu, maana mnajua jirani yetu fundi wa mageti huanza kukata vyuma saa mbili na nusu. Mzee Saidi alivuka na pantoni ya alfajiri. Saa moja na robo watu wote saba walikuwa wamekaa. Kando ya pazia kulikuwa na taa yetu mpya ya duara, ile ya kuchukulia video, waliyoiwasha ili wapate picha za ukurasa wao. Adapta yake ilikuwa imechomekwa kwenye eksitensheni moja na maiki. Sina wa kumlaumu. Taa ni taa.

Nikawanyamazisha. Nikarekodi dakika ya chumba kitupu, nikafumba macho, nikasikiliza kwa hedifoni za Mzee Lukindo. Kimya kizuri. Nikainua kidole gumba mbele ya kioo, nikasema, "Chumba safi."

Mzee Saidi akapiga. Siwezi kuieleza vizuri. Nota ya kwanza ni ndefu, aliivuta upinde wote toka ncha mpaka mkononi, imenyooka kabisa, na gitaa la Deo likaingia chini yake kama mtu anayefungua mlango asimwamshe aliyelala. Mwishoni fidla inapanda juu peke yake na kuishia huko. Alipomaliza hakushusha upinde mpaka sauti ilipokwisha chumbani. Halafu akanitazama mimi, shahidi wake. Nikasema imeingia.

Zikapita wiki kadhaa, umeme ukikatika na kurudi, ndipo tukaanza kuchanganya sauti. Mwalimu Neema alikuja baada ya vipindi vya shule, akakaa kwenye kiti cha nyuma yangu. Siku ya pili akauliza kwa adabu, "Baba, ile sauti ya mbu utaitoa lini?"

Nilikuwa nimeshika kipanya. Nakumbuka kilivyoteleza kwa jasho.

"Ile huwa naitoa mwisho," nikasema.

Hakukuwa na sauti yoyote ya mbu. Nilirudisha nyuma nikasikiliza, nikapandisha sauti, nikasikiliza tena. Fidla, gitaa, chumba. Neema alikunja uso kidogo, kama mtu aliyeng'ata mchanga, kisha akajizuia. Alipoondoka nilifunga mlango, nikafungua ile picha ya mistari kwenye kompyuta. Ikawepo. Mstari mwembamba umelala juu ya fidla toka mwanzo mpaka mwisho, na mwingine juu yake, na mwingine. Haikunyooka. Ilipanda na kushuka kidogo kila umeme ulipolegea. Nilikwenda kuangalia ile dakika ya chumba kitupu. Mistari ilikuwepo. Ilikuwepo wakati nimeinua kidole gumba.

Nilirekodi chumba upya, nikawa nachomoa kitu kimoja kimoja na kutazama skrini. Feni, bado. Kipoza hewa, bado. Nilipochomoa adapta ya ile taa, mistari ikafutika mara moja. Nikaichomeka, ikarudi. Nilifanya hivyo mara nyingi, kama mtoto anayewasha na kuzima taa, na chumba kwangu kilibaki kimya vile vile. Nilikuwa natazama kelele kwa macho. Sijawahi kuogopa namna ile. Niliogopa kwa ajili ya Mzee Saidi, nikaogopa kwa ajili yangu, na nikaanza kuhesabu kichwani ni kazi ngapi za nyuma nilizosema safi. Hesabu hiyo sijaimaliza.

Kwa siku tatu nilijaribu kuitoa kwa macho. Mnajua kuwa mluzi ulionyooka unaweza kukatwa kama uzi. Huu ulikuwa unayumba, ikabidi nikate kwa upana, na mstari wa chini kabisa ulipita palepale penye pumzi ya fidla, ule msuguo wa upinde. Neema alipokuja nikampigia asikilize.

"Mbu ameondoka," akasema. Akasikiliza tena. "Ila Mzee Saidi sasa anapiga yuko ndani ya ndoo."

Nikavua hedifoni. "Mwalimu, huyo mbu mie simsikii."

"Si umeshamtoa."

"Sijawahi kumsikia. Tangu siku ile."

Akasema polepole, "Lakini ulisema chumba safi."

"Nilisema."

"Sie wote tulimsikia, Baba. Deo alinitazama, na mie nikamtazama. Halafu ukasema chumba safi, tukajua basi ndivyo studio ilivyo, una namna yako. Tungekuambia nini? Wewe umeanza kazi hii hatujazaliwa."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Siku ile walikuwepo watu sita wenye masikio mazima na wazee wawili wasiosikia, mimi na, kama nilivyojua baadaye, Mzee Saidi, na hao sita walinyamaza kwa ajili ya heshima. Wangekuwa wamekosa adabu hata kidogo tu, Mzee Saidi angekuwa na rekodi yake.

Kesho yake nilikwenda Kigamboni. Kwenye pantoni nilisimama karibu na kamba ya mbele, na nasema kweli, nilitamani ichelewe. Nilimkuta barazani kwake.

"Shikamoo, Mzee Saidi."

"Marahaba. Mnyamwezi, umeleta mzigo gani?"

"Mzito."

Nikamweleza yote, toka ndege wa mwarobaini mpaka adapta. Sikuacha kitu. Alinisikiliza kichwa kimeinama.

"Kwa hiyo wewe ni kiziwi," akasema.

"Si kabisa. Sauti za juu tu."

"Kiziwi wa ghorofani." Akawaza. "Deo aliniletea ile rekodi, nimeisikiliza hapa kwenye simu. Mie sikusikia mbu."

"Mie ndiyo hivyo hivyo."

"Basi kwetu sisi wawili iko sawa. Wenye tatizo ni watu wengine wote."

Alicheka, nami nikacheka, halafu kicheko kikaisha. Akachukua birika la kahawa anijazie kikombe. Kahawa ikamwagika kwenye sahani, mezani, juu ya goti langu. Hakuliweka birika chini. Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikajaa, ili nione.

"Ni saa moja na nusu tu asubuhi," akasema. "Dawa nimeshameza. Ile adabu ya mpaka saa mbili imekwisha, Mathias. Nilikuwa nawaficha. Nilijisemea, si kitu, ile moja imeshaingia."

Nilimwomba radhi. Alisema, "Nitakuja Alhamisi. Itakavyotoka itatoka. Ila safari hii asikilize chumba mtu mwenye masikio."

Alhamisi nilimvalisha Mwalimu Neema hedifoni za Mzee Lukindo. Zilimteremka mpaka mabegani, tukazifunga kwa kanga. Taa ile ilikuwa nje kabisa, juu ya ukuta wa choo. Tukanyamaza dakika nzima. Nilimtazama usoni kama mshitakiwa anavyomtazama hakimu. Akasema friji la kwa fundi wa mageti linasikika. Nikaenda kuomba lizimwe. Tukarudia. Akasema, "Chumba safi." Maneno yale sikuyasema tena mimi tangu siku hiyo.

Mzee Saidi akaweka upinde. Ile nota ndefu ya kwanza ilitoka ikitikisika kama maji ya sufuria lori linapopita barabarani. Akaacha. Akajaribu tena, ikawa hivyo hivyo. Kupitia kioo niliona ameuma mdomo wa chini. Saa ilikuwa inakwenda, na mimi nilikuwa nawaza kuwa yote haya ni kidole gumba changu.

Deo akainama. Nilidhani anafunga kamba ya kiatu. "Mzee," akasema, "ishike hiyo hiyo, usiiache." Mzee Saidi akaivuta tena, ikitikisika. Deo alikuwa ameshika kifundo cha kuzungushia cha mojawapo ya mashine zake za miguuni, ile inayotetemesha sauti ya gitaa. Akapiga uzi mmoja, akakizungusha kifundo taratibu, haraka mno, polepole mno, mpaka gitaa likatetemeka kwa mwendo ule ule wa mkono wa Mzee Saidi. Zikawa kitu kimoja. Neema, bado na kanga kichwani, akaweka mkono mdomoni.

Mzee Saidi alishusha fidla. "We mtoto, unanicheka?"

"Nakufuata, mzee."

Mzee Saidi akairudisha fidla begani. Wakapiga Cha Saidi mwanzo mpaka mwisho mara moja, na fundi wa mageti akaanza kukata vyuma dakika chache tu baada ya kumaliza.

Kuchanganya tulifanya hivi: Neema alikaa pembeni yangu, mkono wake juu ya meza. Fidla ikichoma, anainua kidole. Ikizama, anakishusha. Mikono ilikuwa yangu, masikio yalikuwa yake. Rekodi ilipotoka, jamaa mmoja alimuuliza Deo ni mashine gani waliyoitumia kuifanya fidla itetemeke vile. Deo akamjibu, "Miaka sabini na miwili."

Nilimpelekea Mzee Saidi nakala yake mimi mwenyewe. Jina lake lilikuwa kwenye jalada. Alilipapasa kwa kidole kana kwamba litafutika. Tukasikiliza mpaka mwisho.

"Mbu hayumo?"

"Hayumo."

"Una hakika?"

"Sina. Hakika anayo Mwalimu Neema."

"Haya," akasema. "Hiyo inatosha."

Alifariki kwenye masika yaliyofuata. Msibani mtani ana kazi yake, na watu wa pale walijua mimi ni nani, wakawa wananitazama. Nikasimama nikasema, "Mzaramo huyu kalala mapema, ngoma hata haijawambwa." Walicheka, hata binti yake alicheka huku analia. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama kwenye mipapai mpaka waliponiita kubeba jeneza.

Mliponiuliza kwa nini naacha kazi, niliwaambia macho yamechoka. Haikuwa kweli. Ni masikio, na sasa mnajua yote. Adapta ile nimeiacha kwenye droo ya chini, nimeiandikia kwa wino mwekundu, msiichomeke. Na naomba mbadilishe kitu kimoja. Dakika ya chumba kitupu iendelee, hata mkicheka. Ila wa kusema chumba safi asiwe mzee. Awe mdogo kuliko wote waliomo siku hiyo, na aulizwe mara mbili, na wakubwa wanyamaze akijibu.

Hospitali nilikwenda, mke wangu akanisindikiza. Daktari alinichorea mstari unaoshuka kama kilima. Alisema utaendelea kushuka. Hakusema lini utafika kwenye fidla.

Ile rekodi ya kwanza, yenye mluzi, niliomba nikae nayo. Hakuna anayeweza kuisikiliza. Eliza alivaa hedifoni sekunde chache tu akazivua, akasugua sikio. Kwangu haina doa. Mkono wa Mzee Saidi umenyooka, upinde wote, toka ncha mpaka mkononi, na mbu hayupo. Duniani tulikuwa watu wawili tunaoweza kuisikia hivyo, na sasa nimebaki mimi.

Kila asubuhi kabla ya chai naiweka. Nasikiliza kwanza ile dakika ya chumba kitupu, watu saba wakinyamaza, na Mzee Saidi yumo, amenyamaza pamoja nao. Kisha nangoja nota ya kwanza, na hapo katika kungoja naogopa kuliko nilivyowahi kukiogopa kile kitufe. Leo aliingia. Nilimfuata vizuri mpaka karibu na mwisho, pale fidla inapopanda peke yake. Nota ya juu kabisa sina hakika kama niliisikia au niliikumbuka.